Mbwa wa Boksa Ale Nini?

Ndugu msomaji, Jumapili hii naomba tuzungumze juu ya mlaji mmoja wa nyumbani ambaye hatajwi hata siku moja mama anapopanga matumizi ya jikoni, ilhali naye ana tumbo lake, ana mifupa yake, na ana siku zake za kuugua. Mlaji huyo ni mbwa.

Katika miji yetu zipo fikira mbili juu ya chakula cha mnyama huyu. Wako wanaosema mbwa ni mbwa tu: atupiwe ukoko wa sufuria na miiba ya samaki, na akikosa atajitafutia mwenyewe jalalani. Wako na wengine, hasa wale waliobahatika kupata mbwa wa asili ya Ulaya, wanaoshikilia kwamba mbwa wa namna hiyo hana budi kulishwa nyama tupu, la sivyo ataharibika. Fikira zote mbili zina kasoro, na kasoro ya pili niliishuhudia kwa macho yangu.

Jirani yangu mmoja wa hapa Musoma, mfanyakazi wa ofisini na mzaliwa wa Buswahili katika wilaya ya Butiama, alipewa mtoto wa mbwa na rafiki yake aliyekuwa akihama kutoka Mwanza. Mbwa huyo alikuwa wa aina iitwayo boksa. Msomaji aliyepata kumwona boksa hawezi kumsahau: kifua kipana, manyoya mafupi ya rangi ya hudhurungi, pua iliyobonyea, na uso wenye mikunjo ya huzuni kama wa mtu aliyecheleweshewa mshahara. Aina hii ilianza kukuzwa nchini Ujerumani, katika mji wa Munich, mwishoni mwa karne ya 19. Dume lake likikomaa huweza kufikia kilo 30 na zaidi. Ni mlinzi hodari, tena mpenzi mkubwa wa watoto.

Jirani yangu alimpenda mbwa wake kupita kiasi. Kila jioni atokapo kazini alipitia buchani akanunua nyama isiyo na mfupa, akaja akamkatia vipande kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe alipopendekeza mbwa naye apewe ugali, alikataa katakata.

“Mbwa wa namna hii halishwi ugali,” alisema. “Ataharibika.”

“Haya, Baba watoto, mimi sisemi neno,” mkewe akajibu. “Ila tangu mgeni huyu aingie nyumbani, watoto wanaonja nyama Jumapili tu, naye anaila kila siku.”

Mbwa alipotimiza umri wa miezi mitano, miguu yake ya mbele ilianza kupinda kama upinde. Asubuhi alisita kusimama, na akiguswa mgongoni alilia. Jirani yangu hakufikiri mara mbili. Aliamini kwamba watoto walikuwa wakimpiga mbwa yeye akiwa kazini. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa darasa la nne, alikana huku machozi yakimtoka, lakini hakuaminiwa. Alichapwa.

Siku ya pili mbwa alipelekwa kwa daktari wa mifugo. Daktari alimpapasa miguu na mbavu, kisha akauliza swali moja tu.

“Anakula nini?”

“Nyama, daktari. Nyama safi ya buchani.”

“Na nini kingine?”

“Hakuna kingine.”

“Basi, ndugu yangu, ugonjwa ndio huo. Mbwa huyu hakupigwa na mtu.”

Nyama tupu haijengi mfupa

Pengine msomaji atashangaa. Je, mbwa si mla nyama? Naam, ni mla nyama. Lakini nyama ya buchani si mnyama mzima. Mbwa mwitu wanapomwangusha swala hawali steki peke yake. Hula maini, figo na moyo, hulamba damu, na hutafuna mifupa laini na ncha za mbavu. Katika mifupa hiyo hupata madini ya kalsiamu, na kalsiamu ndiyo saruji ya mifupa yao wenyewe.

Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Fosforasi huweza kuizidi kalsiamu mara 15 au hata 20. Mwili wa mbwa unahitaji madini haya mawili yakaribiane, kalsiamu ikiwa mbele kidogo. Kalsiamu inapopungua katika damu, mwili hauna budi kuitafuta popote ilipo, na akiba yake kubwa imo mifupani. Hivyo mwili huanza kubomoa mifupa yake wenyewe, mithili ya mtu anayeng'oa matofali ya nyumba yake ili apate kujenga uzio. Kwa mbwa mzima madhara huchukua muda kuonekana. Kwa mtoto wa mbwa, hasa wa aina kubwa ambaye uzito wake huongezeka upesi, miguu hupinda katika muda wa majuma machache, na mifupa huweza hata kuvunjika kwa kuruka tu.

Lakini tusije tukaruka kutoka shimo moja tukatumbukia jingine. Wako watu ambao, wakisikia habari hii, humwagia mbwa wao unga wa mifupa kwa kikombe. Kalsiamu ikizidi nayo huharibu viungo vya mbwa mdogo. Madini ya ziada yatolewe kwa kipimo cha daktari wa mifugo, si kwa kukisia.

Ugali nao peke yake hautoshi

Mwezi ule ule jirani yangu alikwenda Buswahili kumwona mama yake, akamsimulia mkasa wake. Bibi yule alikuwa na mbwa wake mwekundu, mbwa wa kawaida wa kijijini, ambaye hajapata kuonja nyama ya kununuliwa tangu azaliwe. Miguu yake ilikuwa imenyooka kama mchi.

“Mwanangu,” bibi aliuliza, “huyo wa kwako ana tumbo la namna gani lisilojua ugali?”

Swali hilo wataalamu wamekwisha kulijibu. Mwaka 2005 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wamekamilisha kazi ya kusoma maandishi yote ya urithi yaliyomo katika chembe za mwili wa mbwa, na mbwa waliyemtumia alikuwa boksa jike aitwaye Tasha. Miaka minane baadaye, yaani 2013, wataalamu wa Sweden waliwalinganisha mbwa wa kufugwa na mbwa mwitu wa sehemu mbalimbali za dunia. Waliona kwamba mbwa wa kufugwa wana nakala nyingi zaidi za urithi unaowawezesha kusaga wanga. Kwa maneno mengine, katika maelfu ya miaka ya kukaa karibu na jiko la binadamu, tumbo la mbwa limejifunza kula chakula chetu. Boksa wa Munich na mbwa mwekundu wa Buswahili ni ndugu katika jambo hili. Ugali uliopikwa ukaiva hauwadhuru.

Hata hivyo, mbwa wa bibi hakuwa akila ugali mtupu. Ugali wake wa muhogo na mtama ulichanganywa na vichwa vya dagaa, mchuzi wa samaki uliobaki, na siku nyingine maziwa mgando. Hapo ndipo ilipo siri ya miguu iliyonyooka.

Sisi watu wa Mara tunayo sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1985, baada ya ukame, katika wilaya ya Tarime ulizuka ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyaka ya huko Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Waliopatwa walikuwa watu waliokula muhogo mchungu ambao, kwa sababu ya njaa, haukulowekwa wala kukaushwa vya kutosha ili sumu yake itoke. Lakini sumu haikuwa sababu pekee. Mwili huipunguza sumu hiyo kwa msaada wa protini zipatikanazo hasa katika samaki, nyama na maziwa, na vyakula hivyo havikuwapo mezani. Ugonjwa huo ni wa binadamu, wala sisemi kwamba miguu ya mbwa wa jirani yangu ilipinda kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba chakula cha kutia nguvu kisipoandamana na chakula cha kujenga mwili, madhara hayachelewi kuonekana. Na muhogo utakaopikiwa mbwa uandaliwe kwa uangalifu ule ule wa muhogo wa watoto.

Dagaa wa ziwa letu

Jirani yangu alikuwa akiacha hazina mlangoni akaenda kununua umaskini buchani. Katika masoko ya Musoma dagaa wa Ziwa Victoria hawakosekani. Huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, kisha huanikwa juani. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa pamoja, na mifupa yake ni laini kiasi cha kutomdhuru mlaji. Hivyo katika kiganja kimoja cha dagaa mbwa hupata protini ya kujenga misuli, kalsiamu ya kujenga mifupa, na mafuta ya kung'arisha manyoya.

Yako masharti matatu. Kwanza, dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga. Waoshwe kwa maji mengi hadi maji yawe safi. Pili, wachemshwe. Samaki wabichi wa jamii kadhaa wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiondoa. Tatu, wasiwe na chumvi nyingi.

Wakazi wa karibu na viwanda vya minofu hununua pia mapanki ya sangara. Hayo yana nyama nzuri, lakini mifupa yake ni migumu na yenye ncha. Yachemshwe, nyama ichambuliwe kwa vidole, na mifupa itupwe mahali ambapo mbwa hataifikia.

Kipimo cha sufuria

Sasa mama wa nyumbani atauliza: apike kiasi gani? Kwa boksa mzima wa kilo 30 ambaye hafanyi kazi nzito, waweza kuanza na kipimo hiki kwa siku: unga wa mahindi au wa mtama robo kilo, upikwe ugali laini, dagaa wakavu gramu 100, yaani sehemu ya kumi ya kilo, mchicha au majani ya maboga mkono mmoja, yakatwe na kuchemshwa, na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Mara moja au mbili kwa juma ongeza kipande cha maini cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, na yai moja lililochemshwa. Kwa njia hiyo mbwa atakuwa amepata chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili, kama tunavyofundishwa kliniki kwa ajili ya watoto wetu.

Kipimo hiki ni cha kuanzia tu. Mizani ya kweli ni mbavu za mbwa mwenyewe. Pitisha vidole ubavuni: ukizigusa mbavu bila kubonyeza, na kiuno kikaonekana ukimtazama kutoka juu, basi chakula kinamtosha. Mbavu zikihesabika kwa mbali, ongeza. Zikipotea ndani ya mafuta, punguza. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hadi mitatu alishwe mara nne kwa siku, kisha mara tatu hadi atimize miezi sita, na baada ya hapo mara mbili. Usimharakishe kunenepa, mbwa mdogo anayelemewa na uzito huelemea mifupa ambayo haijakomaa. Na kwa kuwa mbwa anayekua ana mahitaji makubwa kuliko mzima, daktari wa mifugo aone chakula chake walau mara moja.

Maji safi yawepo mchana na usiku. Kwa boksa hili ni jambo la lazima, kwa sababu pua yake fupi haimruhusu kujipoza vyema kwa kuhema. Katika joto la adhuhuri alishwe kidogo au asilishwe kabisa. Alishwe alfajiri na jioni, jua likiwa limepoa.

Liko jambo jingine la hatari kwa mbwa wenye kifua kirefu kama yeye. Akila chakula kingi kwa pupa mara moja kwa siku, kisha akaanza kukimbia, tumbo huweza kujaa hewa na kujipinda. Mbwa huyo huvimba tumbo, hujaribu kutapika bila kutoa kitu, na asipofikishwa kwa daktari mapema huweza kufa katika muda wa saa chache. Ndiyo maana tunagawa chakula mara mbili, tunampumzisha kabla na baada ya kula, na tunawazuia watoto wasicheze naye mbio mara tu alambapo bakuli.

Vitu vya kuepuka

Mchuzi wa nyumbani aghalabu huwa na vitunguu, na vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mtengee chakula chake kabla ya kuunga. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Chokoleti, zabibu na pombe ni sumu kwake, hata kama mgeni anamchekea na kumrushia.

Unga ulioota ukungu ndio adui anayesahaulika zaidi. Ni kawaida kusikia mtu akisema, “Mahindi haya yameharibika, tumpikie mbwa.” Mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini la mbwa kama iharibuvyo ini la binadamu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo katika maeneo ya mashariki ya Kenya, na mwaka 2016 ikawaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa kwetu. Kupika hakuiondoi. Chakula kisichomfaa mtoto kwa sababu ya ukungu hakimfai mbwa pia.

Hatimaye, matumbo na mapafu ya machinjioni. Ni chakula cha bei nafuu na chenye faida, lakini kikitolewa kibichi huweza kumwambukiza mbwa tegu mdogo asiyeonekana kwa urahisi. Mayai ya tegu huyo hutoka katika kinyesi na kushika manyoya. Mtoto akimkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa, huweza kupata vivimbe vya maji katika ini au mapafu. Nyama za ndani zichemshwe walau nusu saa, mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, na watoto wazoee kunawa.

Faida ya mwisho ya kumlisha mbwa nyumbani ni kwamba mwenye kushiba hana sababu ya kuzurura. Mbwa mwenye njaa huenda jalalani, hupigana na wenzake, na huko ndiko anakoweza kuletewa kichaa cha mbwa. Hata hivyo shibe si chanjo. Apelekwe akachanjwe kila mwaka.

Ndugu msomaji, jirani yangu alifuata maelekezo ya daktari. Kwa majuma kadhaa mbwa alifungiwa mahali padogo ili asiruke, akapewa madini kwa kipimo, na sufuria yake ikawa ya ugali na dagaa. Mifupa ilikaza. Mguu wa kulia ulibaki na kombo kidogo, na utabaki nayo, kwa maana mfupa ukikomaa haunyooki tena. Pesa ya buchani ilirudi katika sufuria ya familia.

Lakini jambo lililonigusa zaidi lilitokea jioni ile ile waliporudi kwa daktari. Nilikuwa uani kwetu, nikasikia ng'ambo ya ua jirani yangu akimwita mwanawe. “Mwanangu,” alisema, “nilikuonea. Mbwa alikuwa mgonjwa, na aliyemwuguza ni mimi.” Kijana hakujibu neno. Kesho yake alfajiri nilimwona akiosha dagaa bombani, akimwaga maji na kuyateka upya, hadi mchanga wote ukaisha.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakieni afya njema nyinyi na wote mnaowalisha.